Urefu wa Kasiba na Mwendo wa Risasi

Nchi ya Ufipa ni uwanda wa juu uliosimama kati ya maziwa mawili. Upande wa machweo liko Ziwa Tanganyika, na upande wa mawio liko Ziwa Rukwa. Uwanda huo una kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga umekaa humo, karibu na milima ya Mbizi. Mtu akitoka mjini na kushika njia ya mashariki, hufika kwenye ukingo mkali uitwao Lyamba lya Mfipa. Hapo nchi huanguka ghafula mbele ya miguu yake, kadiri ya mita 1,000, hata bonde la Rukwa. Juu ni baridi, upepo na majani mafupi. Chini ni joto, vichaka na matete.

Bonde la Rukwa lilijulikana tangu zamani kwa wanyama wake: nyati, tembo, nyamera na sheshe. Na penye wanyama hapakosi wawindaji, na penye wawindaji hapakosi ubishi. Mmoja husema, “Bunduki ndefu ndiyo bunduki, kwa sababu hupiga mbali.” Mwenziwe hujibu, “Ndefu hunasa katika matete, nipe fupi.” Maneno yote mawili yana kweli ndani yake, walakini mtu asiyejua sababu ya jambo hubishana tu mpaka jua likachwa.

Basi yafaa kulitazama jambo hili kwa taratibu, tena kwa hesabu. Si mchezo wa maneno. Kosa la mwenye bunduki halilipwi na yeye peke yake: hulipwa na mnyama, na mara nyingine hulipwa na mtoto wa jirani aendaye kuteka maji, asiyejua kwamba nyati mwenye jeraha amelala kando ya njia.

Chuma na bomba

Wafipa walijua chuma kabla ya kujua bunduki. Mafundi wao walijenga kwa udongo tanuru ndefu ziitwazo malungu, zenye kimo cha mita tatu hivi. Ndani walipanga mkaa na mawe yenye chuma, na tanuru ikavuta upepo yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kimo chake hakikuwa pambo. Tanuru fupi haivuti upepo wa kutosha, na moto wake hauwi mkali. Chuma kilichopatikana kilitiwa tena katika tanuru ndogo, hiyo ndiyo iliyopulizwa kwa mivukuto, kisha kikafuliwa majembe, mashoka na mikuki.

Fundi wa malungu angalielewa upesi habari ya bunduki, kwa kuwa alijua tayari kwamba urefu wa bomba waweza kufanya kazi. Sababu ya tanuru na sababu ya bunduki si moja, lakini swali ni lile lile: bomba liwe refu kiasi gani, na urefu ukizidi kuna faida gani?

Bomba la bunduki huitwa kasiba, na wengi leo huliita mtutu. Bunduki za kwanza ziliingia nchi za bara pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani katika karne ya 19. Zilikuwa bunduki za kushindilia kwa mdomo, ambazo watu huziita magobori. Mwenye gobori humimina baruti nyeusi ndani ya kasiba, hutia kitambaa, hutia risasi ya mviringo, kisha hushindilia kwa ufito. Akiisha kupiga, moshi mzito humfunika, na hana budi kuanza tena kazi yote toka mwanzo.

Kasiba za bunduki hizo zilikuwa ndefu. Bunduki ya kale ya askari wa Uingereza, ambayo nyingi za namna yake ziliuzwa Afrika, ilikuwa na kasiba ya karibu mita moja. Mwaka 1890 mataifa yalikutana mjini Brussels katika Ubelgiji, yakapatana kuzuia silaha mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kale za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Bunduki zenye mifuo na zile zinazotiwa risasi kwa nyuma zilizuiliwa. Hiyo ni sababu moja ya magobori kudumu sana mikononi mwa watu wa vijijini, hali silaha mpya zilikuwa mikononi mwa askari na wageni.

Yatokeayo ndani ya kasiba

Chukua bua la jani la mpapai, lililo wazi ndani kama bomba. Tia punje ya mtama mwanzoni mwake, weka mdomo, upulize kwa nguvu. Punje itatoka na kuruka. Sasa likate bua libaki kipande kifupi cha kidole, upulize tena kwa nguvu ile ile. Punje itaruka, lakini si mbali kama kwanza. Pumzi ni ile ile na punje ni ile ile. Kilichopungua ni nafasi ya kusukumwa. Katika bua refu pumzi iliisukuma punje kwa muda. Katika bua fupi punje ilitoka kabla haijashika mwendo.

Bunduki nayo ni vivyo hivyo. Baruti inapowaka hugeuka kuwa gesi, yaani hewa ya moto mkali itakayo kutanuka. Nyuma imezibwa, pande zote ni chuma, kwa hiyo njia yake ni moja tu, kuisukuma risasi mbele. Risasi hukaa ndani ya kasiba kadiri ya sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, au kuzidi kidogo. Katika muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, hupata mwendo wake wote. Ikiisha kutoka mdomoni, hakuna tena kitu cha kuisukuma. Tangu hapo safari yake yote ni kupungua.

Mtu akisikia hayo aweza kusema, “Basi kasiba na iwe ndefu kama mti wa bendera, risasi iende kama umeme.” Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mfikiri kijana anayesukuma baiskeli ya mwenziwe barabarani ili ishike kasi. Hatua tano za kwanza zaongeza mwendo sana. Hatua tano zifuatazo zaongeza, lakini kidogo. Kisha baiskeli yenyewe yakimbia karibu sawa na miguu ya kijana, na mikono yake yaigusa tu. Kusukuma kwake hakuna nguvu tena.

Gesi ya baruti hufanya hivyo. Mwanzo ina nguvu nyingi, kwa kuwa imebanwa mahali padogo. Kadiri risasi inavyokwenda mbele, nafasi nyuma yake huwa kubwa, na gesi iliyotawanyika katika nafasi kubwa husukuma kwa unyonge. Huku nyuma chuma cha kasiba chaendelea kuikwaruza risasi na kuizuia. Kwa hiyo kila sentimita inayoongezwa huleta faida ndogo kuliko ile iliyotangulia, na mwisho wake faida hukoma kabisa. Bunduki ndogo ya .22, ambayo baruti yake ni chache, kwa kawaida hufikia mwendo wake wa juu kasiba ikiwa na sentimita 40 hivi; ikizidi sana hapo, risasi huanza kuchelewa badala ya kuharakishwa.

Baruti mpya na kasiba mpya

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu kupita baruti nyeusi. Tangu hapo risasi zikawa nyembamba na nyepesi, na mwendo wake ukazidi sana. Wenye silaha wakaona kwamba kasiba ya urefu wa mita haikuwa lazima tena.

Tofauti ya baruti hizi mbili ilionekana wazi katika vita vya Afrika Mashariki. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wadachi walibeba bunduki za kale za mfano wa mwaka 1871, zilizotumia baruti ya moshi. Kila apigapo, askari alijionyesha kwa adui kwa wingu jeupe. Vita viliisha karibu na Ufipa. Tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck na jeshi lake waliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia. Bunduki walizotoa siku hiyo zilikuwa zaidi ya 1,000, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa vitani.

Waingereza nao walikuwa wamelipima jambo la urefu wa kasiba. Bunduki yao ya kwanza ya Lee-Enfield, ya kipimo cha .303, ilikuwa na kasiba ya sentimita 77 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliifupisha ikawa na sentimita 64, ili bunduki moja iwafae askari wa miguu na wa farasi pia. Hiyo ndiyo bunduki iliyojulikana sana Afrika Mashariki mikononi mwa askari wa King's African Rifles. Risasi yake ya kawaida ilitoka mdomoni kwa mwendo wa mita 744 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana mnyama hupigwa kabla hajasikia mshindo.

Mwaka 1944 wakatengeneza nyingine fupi zaidi kwa vita vya msituni, yenye kasiba ya sentimita 48 hivi. Ilikuwa nyepesi na rahisi kupita vichakani, lakini ilipiga teke kali begani. Baruti iliyokuwa bado ina moto ilitoka mdomoni ikiwaka, mpaka ikalazimu kuiwekea kifuniko cha kupunguza mwali. Mwali huo na mshindo ule ni nguvu ambayo katika bunduki ndefu ingaliisukuma risasi. Katika bunduki fupi humwagika nje bure.

Hesabu

Wajuzi wa bunduki za uwindaji hukadiri kwamba kila inchi ya kasiba, yaani sentimita mbili na nusu, ikipunguzwa, risasi hupoteza mwendo wa mita 6 hata 15 kwa sekunde. Kadiri hiyo si moja kwa bunduki zote. Risasi nyembamba yenye baruti nyingi hupoteza zaidi. Risasi nene yenye baruti kiasi hupoteza kidogo.

Sasa zilinganishwe zile bunduki mbili za .303. Tofauti ya kasiba zake ni sentimita 16, kama inchi sita na nusu. Kila inchi na ihesabiwe mita 8. Jumla ya upungufu ni mita 52, na mwendo wa bunduki fupi ni mita 692 kwa sekunde. Angalia vizuri: kasiba imepunguzwa robo nzima, lakini mwendo umepungua sehemu saba tu katika mia.

Walakini nguvu ya pigo haiendi sawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa hiyo mwendo uliopungua saba katika mia umepunguza nguvu kama 13 au 14 katika mia. Si neno la kudharauliwa, wala si neno la kuogofya.

Tena risasi, hata iende upesi namna gani, ni kitu kizito, na kila kitu kizito huanguka. Tangu inapotoka mdomoni huanza kushuka chini ya mstari wa kasiba. Iendayo upesi hufika mapema, kwa hiyo hushuka kidogo. Bila kuhesabu upinzani wa hewa, risasi ya mita 744 hushuka sentimita 9 katika safari ya mita 100, na ile ya mita 692 hushuka sentimita 10 na kidogo. Tofauti yake ni upana wa kidole. Katika mita 200 ya kwanza hushuka sentimita 35 na ya pili 41. Tofauti ni sentimita 6 hivi. Katika mita 300 tofauti yafika sentimita 12.

Moyo na mapafu ya sheshe ni mahali pa ukubwa wa sahani ya chakula. Katika mita 100 upana wa kidole haumwokoi mnyama wala haumwaibishi mwindaji. Katika mita 300 sentimita 12 zaweza kulihamisha pigo kutoka moyoni mpaka mguuni.

Lakini liko kosa kubwa kuliko hilo, nalo halimo katika kasiba. Mwindaji ameiweka bunduki yake ndefu ipige sawasawa katika mita 200. Amwona mnyama mbele ya majani, akili yake yamwambia, “Ni mita 200,” na kumbe ni 300. Kwa kosa hilo la macho, risasi yake itapita chini ya alama kwa sentimita 27 au zaidi. Inchi sita na nusu za chuma zilimfaa sentimita 12. Jicho moja lililokosa limempotezea 27. Hapo ndipo shina la habari yote. Kasiba ndefu yaweza kumsaidia mwindaji ajuaye umbali, wala haiwezi kumsaidia asiyejua.

Juu na chini

Ufipa hufundisha jambo jingine juu ya risasi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi kuliko ya chini. Katika kimo cha mita 1,800 uzito wake ni kama 84 katika mia ya hewa ya pwani. Katika bonde la Rukwa, kadiri ya mita 800, ni kama 92. Hewa nyepesi huizuia risasi kidogo. Basi risasi ile ile, kutoka bunduki ile ile, huuhifadhi mwendo wake juu ya uwanda kuliko bondeni. Juu, hewa yasaidia na majani mafupi hayafichi kitu; bunduki ndefu hupata nafasi ya kuonyesha faida yake. Lakini uwazi huo huo hudanganya macho. Pasipo mti wala kichuguu cha kulinganisha, mnyama aliye mbali huonekana yu karibu.

Chini katika matete ya Rukwa mambo hugeuka. Mwindaji haoni mita 300, wala mita 100. Mara nyingi huona mita 30. Hapo kasiba ndefu hugonga mabua, hunasa katika kamba za miti, na huchelewa kugeuka. Nyati anayetoka ghafula ubavuni hangoji bunduki ndefu igeuke. Kwa umbali huo upungufu wa mwendo si kitu, na bunduki fupi nzito ndiyo rafiki. Ndiyo sababu bunduki kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya tembo na nyati, zenye risasi nene, kwa kawaida hazikupewa kasiba ndefu sana.

Kwa hiyo wale wabishi wawili wa kwanza walisema kweli wote wawili, ila kila mmoja alisema kweli ya nchi yake.

Wawindaji wawili

Wafikiriwe sasa wawindaji wawili wenye ruhusa ya serikali. Wa kwanza ana bunduki ndefu, nzuri, naye aisifu kila mahali. Aona nyati penye mita 300, wakati wa jioni. Ajua kwamba jua lashuka, na moyo wake wamwambia kwamba bunduki yake yaweza. Apiga. Nyati aruka, akimbia, aingia matetini. Giza laingia. Mwindaji arudi nyumbani akisema, “Nilimkosa,” na hakumkosa. Risasi imo tumboni mwa mnyama.

Nyati yule atalala na maumivu yake usiku kucha. Asubuhi wanawake na watoto watapita njia ya maji. Nyati mwenye jeraha haulizi nani aliyempiga. Humngoja yeyote, huinamisha kichwa, hutoka. Ikitokea hivyo kijijini patakuwa na kilio, na bunduki ndefu itakuwa imetundikwa ukutani, safi, imepakwa mafuta.

Wa pili ana bunduki fupi kidogo, ya kale, ambayo hakuna aisifuye. Naye aona nyati penye mita 300. Achota vumbi, alirusha juu, atazama upepo. Ashuka kwa magoti, azunguka, asogea, atulia, asogea tena. Jua lapungua. Afika mita 60, lakini nyati amesimama nyuma ya mabua, na bega lake halionekani. Mtu huyu angoja. Mwisho giza laingia, naye arudi mikono mitupu, apita njia ile ile ya maji, na asubuhi watoto wapita salama. Siku ya tatu nyati asimama mahali pa wazi. Mshindo mmoja wasikika, na kazi imekwisha.

Kati ya hao wawili ni nani mwindaji? Nyama ya siku ya tatu ina utamu kama ya siku ya kwanza.

Wapo waliolithibitisha jambo hili kwa matendo. Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1954, aliwinda sana katika Karamoja, Uganda. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo wengine waliiona ndogo kwa kazi hiyo. Hakutegemea ukubwa wala ukali wa bunduki. Alijifunza mifupa ya kichwa cha tembo mpaka akajua mahali ubongo ulipo kutoka kila upande, kisha akakaribia. Ujuzi wake ni wa kusifiwa. Hesabu yake ya tembo si ya kutamaniwa. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walikuwa kama 43,000 tu, na wengi wa waliotoweka waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe. Bunduki mikononi mwa mwenye tamaa ni maradhi ya nchi, iwe ndefu au iwe fupi.

Wakatao kasiba

Wako watu wanaokata kasiba, si kwa sababu ya matete, bali ili bunduki ifichike chini ya nguo. Mtu wa namna hii hupata hasara tatu. Mwendo wa risasi hupungua, nalo jambo hilo limekwisha kuelezwa. Mdomo wa kasiba ukikatwa upande, gesi huiacha risasi upande mmoja kwanza, nayo huyumba tangu hatua yake ya kwanza. Tena alama ya kulengea iliyokuwa mdomoni hutoka pamoja na kipande kilichokatwa. Hivyo silaha yake haina mwendo, haina unyofu, haina shabaha. Huweza kujeruhi tu, haiwezi kuua kwa huruma.

Wengine hutengeneza gobori kwa bomba la maji. Bomba la maji lilifanywa lichukue maji. Baruti si maji. Siku moja baruti huzidi kidogo, au kutu huwa imekula chuma kwa ndani, na bomba hupasuka karibu na uso wa mwenyewe. Vidole na macho yaliyopotea hivyo hayana dawa.

Juu ya hayo iko sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hakuna ruhusa ya kuwinda mnyama wa porini bila kibali; na kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, hakuna ruhusa ya kuweka bunduki bila leseni. Sheria hizo hazikuandikwa ili kuwaonea watu wa bondeni. Ziliandikwa ili sheshe na nyati waonwe na watoto ambao bado hawajazaliwa, na ili njia ya maji iwe njia ya maji.

Neno la kukumbuka

Msomaji, shika mambo machache. Kasiba ndefu humpa risasi mwendo zaidi, kwa sababu gesi huisukuma kwa muda mrefu zaidi. Faida hiyo hupungua kila sentimita, na ina mwisho. Mwendo huleta nguvu na unyofu wa safari, lakini haumpi mtu macho wala saburi. Umbali uliokadiriwa vibaya hupoteza zaidi kuliko kasiba iliyopunguzwa robo.

Wazee walisema, “Mchagua jembe si mkulima.” Mkulima hodari hulima kwa jembe lililopo, akaupata mstari ulionyoka. Hii haina maana kwamba jembe bovu ni sawa na jembe zima. Fundi wa malungu asingalikubali neno hilo. Maana yake ni kwamba chombo kizuri hungoja mtu mzuri. Kasiba hupimwa kwa ufito siku moja, na habari yake imekwisha. Mwenye kuishika hupimwa jioni, jua likishuka, mnyama akiwa mbali na moyo ukimwambia apige. Naye akiishusha bunduki na kurudi nyumbani bila nyama, amekwisha kupimwa, na kipimo chake ni kizuri.